Vumbi Kwanza, Jua Baadaye

Tarehe 17 Mei 2022, katika mji wa Jesi nchini Italia, kijana wa Eritrea aitwaye Biniam Girmay alimpiku Mathieu van der Poel wa Uholanzi kwenye mita za mwisho za mkondo wa 10 wa Giro d'Italia. Alikuwa na miaka 22. Kabla yake hakuna Mwafrika mweusi aliyewahi kushinda mkondo katika zile mbio tatu kubwa za Ulaya. Dakika chache baadaye alipanda jukwaani, akapewa chupa kubwa ya mvinyo wa povu, akainama kuifungua, na kizibo kikafyatuka kikampiga jicho la kushoto. Akakimbizwa hospitali. Madaktari wakakuta damu imevujia sehemu ya mbele ya jicho. Kesho yake hakuanza mkondo wa 11. Giro yake ikaishia hapo.

Sisi tulioiona ile video siku hiyo tulibaki tumeshika vichwa. Jamaa ameendesha karibu kilomita 200, jicho likapita salama katikati ya upepo, vumbi na wadudu, halafu linakuja kuumizwa na kizibo akiwa amesimama wima na furaha zake.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kinanikumbusha jambo ambalo tunalisahau tukisimama mbele ya meza ya muuza miwani. Tunauliza rangi. Kuna nyeusi? Kuna kahawia? Kuna ile inayong'aa kama petroli iliyomwagika kwenye maji? Ni mara chache tunauliza miwani yenyewe inazuia nini. Hata jina linatupoteza: tunaiita miwani ya jua, kana kwamba jua likizama au mawingu yakifunga, kazi yake imekwisha. Lakini ukifuata historia ya watu wanaoendesha baiskeli kwa mbio na kwa riziki, utakuta kwamba kilichowavalisha miwani mara ya kwanza hakikuwa jua hasa. Kilikuwa vumbi. Rangi ilikuja baadaye, kwa njia nyingine kabisa, na tangu hizo njia mbili zikutane tumekuwa tukizichanganya.

Turudi mwanzo. Tour de France ya kwanza iling'oa nanga tarehe 1 Julai 1903 huko Montgeron, nje kidogo ya Paris. Ilianzishwa na gazeti la michezo, L'Auto, lililokuwa likitafuta wasomaji. Wanaume 60 walianza, 21 tu ndio waliomaliza. Mikondo ilikuwa sita na jumla ya safari ilikuwa kilomita 2,428. Ukigawanya, unapata zaidi ya kilomita 400 kwa kila mkondo, ndiyo maana watu wale walikuwa wakiendesha usiku na mchana. Mshindi alikuwa Maurice Garin, mtu ambaye ujanani alifanya kazi ya kusafisha mabomba ya moshi. Kwa hivyo masizi na vumbi hayakuwa mageni kwake.

Barabara za Ufaransa wakati huo hazikuwa na lami. Zilikuwa za mawe madogo yaliyoshindiliwa, na zilifanya kile ambacho barabara zetu za murram hufanya hadi leo: kiangazi ni vumbi, mvua ikinyesha ni tope. Kisha kulikuwa na magari ya waamuzi na waandishi yakiwapita waendeshaji. Yeyote aliyewahi kubaki nyuma ya lori la mchanga kwenye njia ya kijijini anaijua hali hiyo. Kwa sekunde kumi hivi huoni kitu, unafumba jicho moja, unaomba Mungu shimo lisiwe mbele yako.

Dawa yao waliiazima kwa wenye magari. Magari mengi ya mwanzo hayakuwa na kioo cha mbele, kwa hivyo madereva walivaa miwani pana ya kuziba macho pande zote, yenye mkanda wa kufunga nyuma ya kichwa. Waendesha baiskeli wakaichukua. Ukitazama picha za Tour za miaka ya 1910 na 1920 utawaona: wanaume wenye nyuso zilizopakwa udongo, matairi ya akiba yamezungushwa mabegani, miwani iko machoni au imepandishwa juu ya kofia. Wakiivua, hubaki miduara miwili safi kwenye uso mchafu. Hakuna aliyeivaa ili apendeze. Ilikuwa nzito, ilijaa jasho, na vioo vyake vilikuwa vioo kweli, vya kuvunjika. Ukianguka kifudifudi, kinga yako ingeweza kukugeuka.

Hiyo ni njia ya kwanza, ya kuziba. Njia ya pili, ya kutia giza, ina umri mkubwa zaidi na haikuhusiana na baiskeli hata kidogo.

Wainuit wa kaskazini ya mbali walichonga miwani ya mifupa, ya mbao na ya pembe za wanyama wa baharini. Haikuwa na kioo wala rangi. Ilikuwa ni kipande kigumu kinachofunika macho, chenye ufa mwembamba wa kuchungulia. Theluji inarudisha mwanga mkali mno hadi jicho linaungua, na mwindaji anayeungua macho hawezi kurudi nyumbani na nyama. Ule ufa ulipunguza mwanga wote kwa pamoja, bila kubagua.

Rangi ilianza kuzungumzwa kwa uzito huko London katikati ya karne ya 18, pale fundi wa miwani aitwaye James Ayscough alipodai kwamba kioo cheupe hutoa mwanga wa kukera, akapendekeza vioo vya kijani au buluu kwa wenye macho dhaifu. Hakuwa akifikiria jua. Hakuna hata mtu aliyejua wakati ule kwamba ndani ya mwanga wa jua kuna sehemu isiyoonekana.

Hilo lilijulikana mwaka 1801 katika mji wa Jena, Ujerumani. Johann Wilhelm Ritter alipitisha mwanga wa jua kwenye kioo cha pembe tatu, rangi zikatawanyika kama upinde wa mvua, kisha akaweka kloridi ya fedha, kemikali inayogeuka nyeusi ikipigwa na mwanga. Akaona kwamba kemikali hiyo inakuwa nyeusi haraka zaidi mahali ambapo macho hayaoni kitu, kando ya zambarau. Miale hiyo ndiyo leo tunaiita urujuanimno. Tangu siku hiyo kuna ukweli mmoja ambao biashara ya miwani haijapenda kuusema kwa sauti: miale inayoharibu zaidi haionekani, kwa hivyo huwezi kujua kama kioo kinaizuia kwa kutazama weusi wa kioo.

Aliyeufanyia kazi ukweli huo alikuwa mwanakemia Mwingereza William Crookes. Mafundi wa viwanda vya kioo, waliokuwa wakichungulia tanuri siku nzima, walikuwa wakipata mtoto wa jicho. Crookes alitengeneza zaidi ya aina 300 za kioo, akichanganya madini mbalimbali, akitafuta kioo kitakachozuia miale ya hatari bila kumpofusha fundi kwa giza. Mwaka 1913 aliwasilisha matokeo yake. Baadhi ya vioo vyake vilikuwa na rangi hafifu tu. Kwa Crookes swali lilikuwa moja: fundi huyu anafanya kazi gani, na ni nini kinachomuumiza akiifanya? Rangi ilikuwa jibu la mwisho, baada ya kujua hayo.

Kisha ukafika mwaka 1929, na hapo njia ikageuka. Katika ufuo wa Atlantic City, Marekani, Sam Foster alianza kuuza miwani nyeusi ya bei rahisi kwa watu waliokuja kuota jua. Ilikuwa ya plastiki, ya kila mtu. Mwaka huohuo kijana aitwaye Edwin Land, akiwa na umri wa miaka 20 hivi, aliomba hataza ya karatasi nyembamba inayochuja mwanga unaoruka kutoka kwenye maji na barabara. Huo ndio mwanzo wa lenzi za polaraizi na wa kampuni ya Polaroid. Katika miaka ya 1930 Bausch & Lomb nao walikuwa wakiuza miwani ya vioo vya kijani kwa marubani wa Marekani. Kijani haikuchaguliwa ovyo. Jicho la binadamu huona vizuri zaidi mwanga ulio kati ya kijani na manjano, kwa hivyo kioo kinachoupitisha huo na kupunguza mwingine kinampumzisha rubani bila kumnyima kuona.

Lakini watu hawakununua fizikia. Walinunua rubani, na baadaye nyota wa sinema. Miwani nyeusi ikawa alama ya pesa, ya siri, ya mtu ambaye hataki kusalimiwa. Hata kwetu, mtu akiingia kwenye matatu saa mbili usiku na miwani nyeusi, watu hugeuka. Huyu ni nani? Anajificha ama anajiona?

Wakati huohuo barabara za Ulaya zilikuwa zikiwekwa lami. Vumbi likapungua, na ile miwani pana ya mkanda ikapotea taratibu. Tazama picha za Eddy Merckx, Mbelgiji aliyeshinda Tour mara tano kati ya 1969 na 1974. Katika nyingi utamkuta macho wazi, pengine na kikofia cha kitambaa chenye ukingo mdogo. Kizazi kizima kiliteremka milima ya Alpi kwa mwendo wa gari bila kitu mbele ya jicho. Sababu ya kwanza ya kuvaa miwani ilikuwa imeondoka, na sababu ya pili, jua, haikutosha kumshawishi mtu avae kioo kizito kinachoteleza kwenye pua yenye jasho.

Kilichoirudisha ni plastiki. Mwaka 1953, Hermann Schnell wa Bayer huko Ujerumani na Daniel Fox wa General Electric huko Marekani walitengeneza polikaboneti, kila mmoja kivyake, kwa tofauti ya siku chache tu. Ni plastiki nyepesi, angavu, isiyopasuka hovyo. Na ina tabia moja ambayo ndiyo kiini cha makala haya: hata ikiwa nyeupe kabisa kama maji, inazuia karibu miale yote ya urujuanimno. Kile alichokitafuta Crookes kwa vioo 300 sasa kiko ndani ya kipande cha plastiki kinachoweza kukunjwa kufuata uso.

Mmarekani Jim Jannard ndiye aliyeona hilo linavyofaa kwenye baiskeli. Alianza mwaka 1975 na dola 300, akiuza vishikio vya mpira vya pikipiki kutoka kwenye gari lake, na biashara akaipa jina la mbwa wake, Oakley. Baadaye akatengeneza miwani ya kuzuia tope kwa waendesha pikipiki za mashindano, na mwaka 1984 akatoa miwani ya baiskeli: lenzi moja kubwa, pana kama kioo cha mbele cha gari. Kwa macho ya wakati ule ilifanana na ngao ya fundi wa kuchomelea. Greg LeMond akaivaa kwenye Tour, na mwaka 1986 akawa Mmarekani wa kwanza kuishinda. Mwaka 1989 akaishinda tena kwa sekunde 8 tu, akimpiku Laurent Fignon katika kilomita 24.5 za mwisho kutoka Versailles hadi Paris. Fignon alikuwa mtu wa miwani ya kawaida ya kuonea, ya fremu nyembamba, ndiyo maana alibandikwa jina la Profesa. Sisemi ni miwani iliyoleta zile sekunde 8. Watu wengi hutaja usukani wa LeMond na mkia wa nywele wa Fignon. Ila baada ya miaka ile, peloton nzima ilibadilika sura. Macho yakafunikwa tena.

Hebu ona: umbo lililorudi lilikuwa lilelile la 1910, la kuziba macho pande zote. Rangi tu ndiyo iliyotangazwa.

Sasa tuje kwenye hizo rangi, maana hakuna ubaya kuzijua mradi zikae mahali pake. Kwa kipimo cha Ulaya, ambacho utakikuta kimeandikwa kwa tarakimu ndani ya mkono wa miwani, kuna daraja 0 hadi 4. Daraja 0 hupitisha asilimia 80 ya mwanga au zaidi. Daraja 1 hupitisha kati ya 43 na 80, daraja 2 kati ya 18 na 43, daraja 3 kati ya 8 na 18. Daraja 4 hupitisha kati ya 3 na 8 pekee, na haifai kabisa kwa kuendesha gari. Tarakimu hiyo inakuambia giza. Haikuambii kinga ya urujuanimno. Hiyo huandikwa kando, mara nyingi kama UV400.

Lenzi ya kijivu hupunguza mwanga wote kwa usawa, rangi za dunia zikabaki zilivyo. Ni nzuri kwa mchana mkali wa barabara iliyo wazi. Ya kahawia, ya ambari na ya waridi hupunguza zaidi upande wa buluu, na hapo nyufa, kokoto na mashimo hujitokeza vizuri kwenye lami. Kwa njia yenye kivuli na jua kwa kupokezana, wengi huipenda hii. Ya njano hufanya siku ya mawingu ionekane changamfu, lakini jua la saa sita itakushinda, na usiku haikusaidii, hata kama muuzaji atakuapia. Ile ya kung'aa kama kioo cha kujitazamia si rangi, ni ngozi tu iliyopakwa juu ili kurudisha mwanga zaidi. Polaraizi huondoa mng'ao wa lami yenye maji, lakini mng'ao huo ndio wakati mwingine unaokuonyesha kwamba hapo mbele pana utelezi, na pia inaweza kukuzimia skrini ya kifaa chako cha kupimia mwendo.

Kuna pia lenzi zinazobadilika zenyewe. Zilianzia katika maabara ya Corning huko Marekani miaka ya 1960, kazi ya William Armistead na Stanley Stookey, na leo zinatengenezwa kwa plastiki. Miale ya urujuanimno ikizigusa zinakolea, ikiondoka zinafifia. Nzuri sana, ila zina mambo mawili. Kufifia huchukua dakika kadhaa, na shimo kwenye kivuli halikusubiri. Pili, joto huzilegeza: kadiri hewa inavyopata joto ndivyo zinavyoshindwa kukolea sawasawa. Lenzi itakayokuwa nyeusi asubuhi ya baridi kule Iten haitafika giza hilohilo mchana wa Lodwar.

Na ikiwa lenzi ni nyeusi lakini haina kinga, basi ni afadhali usingeivaa. Gizani mboni ya jicho hupanuka ili ikusanye mwanga. Ukiweka giza la bandia lisilozuia urujuanimno, unaufungua mlango halafu unaondoa bawabu. Kwetu hilo si jambo dogo. Nairobi iko karibu na ikweta, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,795, Iten ni kama mita 2,400, na miale ya urujuanimno huongezeka kwa karibu asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Mawingu mepesi ya Julai huko Limuru hayaizuii. Unahisi baridi, unafikiri jua halipo, kumbe miale bado inapita.

Mimi mwenyewe nilijifunza haya kwa kiwiko. Miwani yangu ya kwanza ilikuwa nyeusi tititi, na niliichagua kwa sababu ilinifanya nifanane na wale wa televisheni. Jioni moja, saa kumi na moja na nusu hivi, nilikuwa nateremka upande wa Tigoni. Jua lilikuwa usoni, halafu ghafla nikaingia chini ya miti. Kwa sekunde mbili sikuona chochote. Shimo lilikuwa pale, na lilikuwa pale tangu mvua za Aprili, nililijua. Tairi la mbele likazama, mimi nikapita juu ya usukani. Siwezi kumlaumu muuzaji. Nilinunua giza nikidhani ni kinga.

Lakini mimi naendesha kwa kupenda. Wanaonisumbua zaidi ni wanaoendesha kwa sababu lazima wale. Neno boda boda, ambalo leo ni la pikipiki, lilizaliwa kwenye mpaka wa Kenya na Uganda pande za Busia, pale vijana wa baiskeli walipokuwa wakiwavusha abiria na mizigo kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine, kutoka boda hadi boda. Baiskeli ilikuwa ile nzito, Black Mamba, na mbele yao na nyuma yao yalikuwa malori. Hali yao haikuwa mbali na ya Garin, isipokuwa wao hawakupewa miwani ya dereva wala ya mtu yeyote. Mpaka leo mbeba makaa, mbeba maziwa, kijana wa mikate, wote wanakula vumbi kwa macho wazi.

Bei yake inaonekana. Kaa na mzee aliyeendesha baiskeli ya mizigo miaka 30, mtazame vizuri. Wengine wana ile nyama nyembamba inayotambaa kutoka kona ya jicho, karibu na pua, ikielekea kwenye mboni. Inahusishwa na jua, upepo na vumbi, na huonekana zaidi katika nchi zilizo karibu na ikweta. Ikifika mbali inaziba kuona na inabidi ikatwe. Ukimwambia mzee huyo angevaa miwani atakucheka. Miwani ni ya wakubwa. Kijana wa mkokoteni akivaa miwani nyeusi anaulizwa anajiona nani. Yaani aibu iliyotokana na Atlantic City na Hollywood imefika Busia, ikamnyima mtu kinga ambayo hapo mwanzo ilikuwa ya wachafu na wachovu kama yeye.

Ulimwengu wa mbio nao haujaliamua jambo hili. Baada ya Andrei Kivilev wa Kazakhstan kuanguka na kufariki katika Paris-Nice ya Machi 2003, helmeti ikawa lazima katika mbio za kulipwa mwaka huohuo. Miwani hadi leo ni hiari. Lakini vumbi limerudi. Tangu 2007 Waitaliano wana mbio za Strade Bianche kwenye njia nyeupe za changarawe huko Toscana. Mwaka 2021 Migration Gravel Race ilianza Maasai Mara, siku nne za njia za ng'ombe na nyumbu. Waendeshaji hutoka pale wakiwa na miduara miwili safi kwenye uso mwekundu wa udongo, sawasawa na wale wa 1910.

Kwa hivyo ukiniuliza leo nichague miwani gani, sianzi na rangi. Nauliza kwanza: inaziba pembeni? Upepo unaingia chini? Ukianguka itavunjika vipande? Inazuia urujuanimno? Hilo la mwisho, baadhi ya maduka ya miwani mjini yana kifaa kidogo cha kulipima kwa dakika moja, wewe omba tu. Nikishapata majibu hayo ndipo naangalia saa ninazoendesha. Kama ni saa nne hadi saa tisa kwenye lami wazi, kijivu au kahawia ya daraja 3. Kama ni asubuhi mapema, misitu au mvua, kahawia nyepesi ya daraja la 1 au 2. Kama ni alfajiri, usiku au vumbi tupu, nyeupe.

Na hii nyeupe si lazima iwe ya jina kubwa. Miwani ninayoitumia zaidi sasa niliinunua kwenye duka la vifaa vya ujenzi kwa shilingi 250. Ni ile ya fundi anayekata vyuma, ya polikaboneti, imekunjwa hadi kwenye masikio, na pembeni imeandikwa EN 166, alama ya kipimo cha Ulaya cha miwani ya kazi. Nimeinunulia pia jirani yangu anayepeleka maziwa kila siku saa kumi na moja alfajiri. Wiki ya kwanza aliiweka mfukoni. Akasema wateja watafikiri amekuwa daktari. Wiki ya pili lori lilimpita karibu na kiwanda cha mawe, na tangu siku hiyo naiona usoni kwake.

Girmay, kwa bahati, alipona. Mwaka 2024 alishinda mikondo mitatu ya Tour de France, Mwafrika mweusi wa kwanza kufanya hivyo hata mara moja, na akaenda nyumbani Asmara na jezi ya kijani. Jicho la kushoto lilikuwa pale likiona mstari wa mwisho.